Simu inalia, sauti haifiki

Swali: Seva yetu ya Asterisk (programu ya kuendesha simu za ofisi) iko ofisini Ibanda, nyuma ya ruta. Simu za humu ndani hazina shida. Wenzetu wa Goma wakitupigia kupitia intaneti, simu inalia, tunapokea, lakini hakuna anayemsikia mwenzake, na baada ya nusu dakika inakatika yenyewe. Ruta tumebadilisha mara mbili. Kosa ni nini? – Msomaji, Bukavu

Jibu: Pesa ya ruta mngeitunza. Pimeni vizuri hiyo nusu dakika: mtakuta ni sekunde 32, na namba hiyo ndiyo inayomtaja mkosaji. Mkipokea, Asterisk inatuma jibu lenye anwani yake ya ndani, tuseme 192.168.1.10. Simu ya Goma inarudisha uthibitisho kwenye anwani hiyo, ambayo kwa aliye nje haiendi popote. Asterisk inarudia jibu, inangoja, ikifika sekunde 32 inakata. Sauti nayo inafuata njia hiyo hiyo na kupotea.

Fungueni pjsip.conf, faili la mipangilio ya simu za Asterisk. Kwenye sehemu ya transport (njia ya mawasiliano):

local_net=192.168.1.0/24
external_signaling_address=(anwani yenu ya nje)
external_media_address=(hiyo hiyo)

Kwenye endpoint za Goma (sehemu zinazoeleza simu zao):

direct_media=no
rtp_symmetric=yes
force_rport=yes
rewrite_contact=yes

Hapa ndipo wengi hukwama: mabadiliko ya transport kwa kawaida hayashiki kwa reload, yaani kusoma mipangilio upya bila kuzima. Zimeni Asterisk, muiwashe upya.

Kwenye ruta, elekezeni kwa seva poti ya UDP 5060 na zile za sauti zilizoandikwa katika faili la rtp.conf. Ofisi ndogo yatosha 10000 hadi 10100, maana kila upande wa simu unachukua poti mbili. SIP ALG, kipengele cha ruta kinachobadilisha anwani ndani ya ujumbe wa simu, izimeni. Iliwekwa isaidie, lakini mara nyingi huvuruga anwani mlizokwisha kupanga. Kama anwani ya Goma haibadiliki, 5060 iruhusuni hiyo peke yake. Wezi hujaribu nywila usiku kucha, na bili mtalipa ninyi.

Ila kama anwani ya WAN (upande wa intaneti) kwenye ruta yenu inaanza na namba kati ya 100.64 na 100.127, mnachangia anwani ya nje na wateja wengine, na kuelekeza poti hakutasaidia. Kodini seva ndogo yenye anwani ya umma, muunganishe ofisi zote mbili nayo kwa WireGuard, programu ya VPN.

Swali: Mtu akituma video, sauti inakatikakatika.

Jibu: Simu moja ya G.711 (aina ya usimbaji wa sauti) inakula kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Simu tano, 435. Video inajaza njia ya kupandisha na sauti inabaki kwenye foleni. Wekeni kikomo cha kupandisha chini kidogo ya kasi halisi mnayopata, kisha sauti ipewe kipaumbele.