Kabla ya Kutua Majini, Tazama Magurudumu

Watu wakiona ndege yangu ikielea ziwani hapa Florida, huniuliza nilitumia muda gani kuijenga. Miaka minne na nusu, jioni na wikendi, kwenye banda la gari. Ila anayetaka kufuata njia hii, kwanza nitamweleza habari ya magurudumu.

Ndege yangu ni SeaRey ya viti viwili, niliyoletewa vipande vipande ndani ya makasha. Tumbo lake ni la mashua, lina mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Injini ya Rotax 912 imekaa juu, nyuma ya vichwa vyetu, nayo husukuma badala ya kuvuta. Magurudumu hukunjwa. Naruka kutoka kwenye lami, na baada ya dakika chache natua Ziwa Dora, pale Tavares.

Mwaka wangu wa kwanza niliruka na mke wangu asubuhi ya upepo. Nilishughulishwa na upepo huo nikasahau kukunja magurudumu. Tumeshashuka, maji yanatukaribia, nikamsikia: "Baba Salma, mbona gurudumu naliona huku chini?" Nikaongeza moto wa injini, tukapanda. Mikono ilinitetemeka mpaka tulipofika nyumbani.

Kwenye lami, ukitua na magurudumu yamekunjwa, utakwaruza mkuku na kuingia gharama. Majini, yakiwa chini, maji huyakamata, pua huzama, na ndege inaweza kupinduka mkaning'inia kwenye mikanda, vichwa chini ya maji. Tangu siku ile, kila ninapotua majini nasema kwa sauti: "Natua majini. Kushoto juu, kulia juu, mkia juu." Jicho langu linaona kila gurudumu ninalolitaja, isipokuwa la mkia, na abiria hutazama upande wake akanijibu. Asiponijibu sitelemki. Nenda pia ukajifunze kujitoa kwenye kiti kilichopinduliwa ndani ya bwawa. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya injini.

La pili ni maji shwari. Sisi tuliokulia Pangani tunayapenda, lakini rubani akitazama ziwa lililotulia kama kioo hawezi kupima yuko juu ya maji kwa kimo gani. Mimi hutua kando ya ufuko, nikiwa na miti au majani ya kutazama pembeni, nikaacha moto kidogo na kushuka taratibu mpaka maji yenyewe yaniguse. Usingoje kuyaona.

Kwa sababu injini iko juu, ukiongeza moto pua huinama, ukipunguza huinuka. Ikizimika ghafla, mwendo hupotea upesi, kwa hiyo sukuma usukani mbele papo hapo. Mazoea ya ndege za kawaida hayatakusaidia hapa. Tafuta mwalimu anayeijua aina hii hii.

Sheria si ngumu. FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, hutaka zaidi ya nusu ya kazi iwe imefanywa na watu wanaojenga kwa kujifunza au kujiburudisha, kisha ndege irushwe saa za majaribio, kwa kawaida 25 au 40, kabla ya kubeba abiria. Aliyeijenga anaweza kupewa cheti cha kuikagua mwenyewe kila mwaka. Ukiinunua ikiwa imekamilika, cheti hicho cha mjenzi hukipati. Kwa hiyo weka picha na daftari la kila siku ya ujenzi, tangu ribiti ya kwanza.

Bahari naiogopa kwa ajili ya chumvi. Nimetua huko mara mbili tu, na zote nilimaliza jioni nzima nikiiosha ndege kwa maji yasiyo na chumvi, bawaba kwa bawaba. Hata ziwani tumbo huvuja kidogo, na maji yakijikusanya nyuma huhamisha uzito wa ndege. Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi, na hakung'oa nanga kabla ngama, maji yanayojikusanya chini ndani ya chombo, haijafuliwa na kumwagwa. Nami siwashi injini kabla sijafungua vizibo vyote vya tumbo na kuona tone la mwisho limetoka.