Kwa watarajali mnaoingia wodi ya wanawake: uvimbe wa kizazi na haraka ya kisu

Wadogo zangu mnaoanza zamu ya magonjwa ya wanawake huku Nyanda za Juu Kusini, karibuni. Dozi na miongozo mtafundishwa na wakubwa zenu wodini, sitazirudia zote hapa. Ninalotaka kuwaambia ni moja: magonjwa mengi ya kizazi na ovari yasiyo saratani yanampa daktari muda, na daktari mgeni huutupa muda huo kwa sababu mikono inamwasha, anataka kushika kisu. Faibroidi, yaani uvimbe usio saratani unaoota kwenye misuli ya kizazi, ikiwa imekua kwa miaka haitamuua mama kati ya Jumatatu na Alhamisi. Kitakachomuua ni kuingia thieta, chumba cha upasuaji, na damu ya gramu 6 (himoglobini kwa desilita), au saratani ya mlango wa kizazi ambayo hakuna aliyejisumbua kuitazama.

Mama atakuja kutoka Makete, Chunya au Ileje, karatasi ya ultrasaundi mkononi, imeandikwa ana uvimbe kwenye kizazi. Yeye mwenyewe na ndugu zake wameshakubaliana kwamba dawa ni upasuaji. Weka ile karatasi mezani kwanza, mwulize habari zake. Ukimwuliza kama anatoka damu nyingi atakujibu "kawaida tu", maana ndiyo kawaida yake tangu amzae kitinda mimba. Mwulize anabadilisha pedi au vitambaa mara ngapi kwa siku, kama huamka usiku kubadilisha shuka, kama hutoa mabonge, kama siku hizo anaweza kwenda shamba. Majibu ya maswali haya yana thamani kuliko sentimita zilizoandikwa kwenye karatasi.

Bibi asiyezoea Kiswahili mtafutie muuguzi anayejua lugha yake, awe Mnyakyusa, Mkinga au Mhehe. Usimtumie mwanawe wa kiume kutafsiri, hata kama ndiye aliyemleta na ndiye anayelipa. Hakuna mama atakayesema mbele ya mwanawe kwamba anatoka damu kila akikutana na mumewe, na hilo ndilo jibu unalolihitaji kuliko mengine yote.

Nalikazia kwa sababu ya ukanda tuliopo. Njombe, Iringa na Mbeya kwa miaka mingi zimekuwa miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya virusi vya ukimwi nchini, na Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke anayeishi na virusi hivyo ana hatari mara 6 ya kupata saratani ya mlango wa kizazi. Faibroidi na saratani zinaweza kukaa kwa mama mmoja, tena faibroidi huonekana kwenye ultrasaundi na saratani changa haionekani. Kwa hiyo hakuna mgonjwa anayepangiwa kutolewa kizazi kabla hajawekewa spekulamu, kifaa cha kufungulia uke, mlango wa kizazi ukaonekana kwa taa nzuri. Kama hauna kidonda, pima kwa siki inayopakwa kwenye mlango huo, au kwa kipimo cha HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo, kama kipo. Kama kuna kidonda au nyama inayovuja damu ukiigusa, siki haina kazi tena: kata kinyama, peleka maabara. Kumtoa kizazi kwa njia ya kawaida mama mwenye saratani ambayo hukuijua ni kumharibia tiba. Upasuaji wa saratani hiyo ni mwingine kabisa, na akihitaji mionzi mara nyingi safari yake ni ya Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam, akiwa na tumbo ambalo limeshafunguliwa bure.

Vivyo hivyo kwa aliyekoma hedhi. Damu ikitoka baada ya mwaka mzima wa kukoma, usiandike faibroidi hata kama unaiona kwenye picha. Chukua sampuli ya utando wa ndani ya kizazi kwanza. Faibroidi hutegemea homoni, na hedhi ikikoma hutarajiwa kunywea. Ikianza kukua wakati huo, mwite mkubwa wako.

Kuna mambo mawili madogo ambayo wakubwa huona aibu kuyataja kwa kuwa wanadhani kila mtu anayajua. Kila mwanamke wa umri wa kuzaa apimwe mimba, awe mtawa, mwanafunzi au mama wa miaka 47. Na kabla ya kupapasa uvimbe wa tumbo la chini, aende haja ndogo. Akishindwa, mwekee katheta, mpira wa kutolea mkojo. Kibofu kilichojaa kimeshaitwa uvimbe wa ovari mara nyingi, kwa mkono na kwa mashine.

Sasa tuseme umeridhika kwamba ni faibroidi kweli. Swali linalofuata si ukubwa wake, ni mahali ilipo. Mwaka 2011 FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, lilitoa mpangilio wa sababu za damu isiyo ya kawaida: makundi 9, manne ya vitu vyenye umbo (polipu, yaani kinyama kinachoota kwenye utando wa kizazi; adenomayosisi, yaani utando huo kuingia ndani ya misuli; faibroidi; na saratani au hatua zake za awali), matano ya vitu visivyoonekana kwa picha, kama hitilafu ya kuganda kwa damu na mayai kutopevuka. Katika mpangilio huo faibroidi hupewa namba 0 hadi 8 kulingana na ilivyokaa. Ya sentimita 2 iliyochungulia ndani ya kizazi inaweza kummaliza mama damu, na ya sentimita 10 iliyoning'inia nje ikawa haina kesi naye. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kwamba zaidi ya wanawake 8 kati ya 10 wenye asili ya Afrika huwa na faibroidi wafikapo miaka 50. Wengi wao hawajui, na hawana haja ya kujua. Usimpasue mtu kwa ajili ya picha. Na karatasi isiyosema uvimbe umekaa wapi, mrudie aliyepima, mwulize kwa adabu. Baadhi ya wataalamu wa picha watakununia, lakini watakukumbuka.

Ukishaamua kwamba huyu atapasuliwa, tengeneza damu yake. Hapa ndipo muda tuliopewa unapofanya kazi, na ndipo wagonjwa wetu wanapopotea kwa uzembe. Mpe vidonge vya kupunguza damu siku za hedhi, traneksamiki asidi gramu 1 mara tatu kwa siku kwa siku zisizozidi 5 kama hana historia ya damu kuganda kwenye mishipa, au umsimamishie hedhi kwa homoni, na madini ya chuma kila siku au kwa kuruka siku moja. Tegemea damu ipande kwa takriban gramu 1 kila wiki mbili au tatu, iwapo anakunywa dawa na ameacha kutoka damu. Halafu mwulize anakunywa na nini. Ukanda wetu unalima chai, kuanzia Rungwe hadi Mufindi, na mama akipewa kidonge asubuhi hukisukuma kwa kikombe cha chai ya rangi. Chai huzuia chuma kuingia mwilini. Mwambie anywe kwa maji, au juisi ya chungwa kama anayo, chai isubiri saa moja au mbili. Ni maelezo ya nusu dakika, na nimeona yakiokoa chupa mbili za damu. Kumbuka pia kwamba Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, na mwili wa mtu wa huku hutengeneza damu nyingi kidogo. Gramu 12 za Mbeya si gramu 12 za Tanga.

Wakati damu inapanda, ongea naye akiwa peke yake. Anataka kuzaa tena? Anayetaka aondolewe vivimbe, kizazi kibaki; aambiwe kwamba vinaweza kuota tena na kwamba mara chache damu ikigoma kuzuilika kizazi hulazimika kutoka. Asiyetaka, anayo haki ya kuamua kukitoa, na anayo haki ya kukataa hata kama amezaa saba. Mume na mama mkwe watakuwa na maneno yao, wasikilize kwa heshima, lakini fomu ya ridhaa anasaini mwenye tumbo. Hofu utakayokutana nayo zaidi ni kwamba akitolewa kizazi atakuwa "baridi" au mwanaume. Mweleze kwamba ovari zikibaki homoni zinabaki, atakachokosa ni hedhi na mimba.

Thieta sitasema mengi, huko utashika mkono wa mkubwa. Ila Juni na Julai chumba huwa barafu, na mgonjwa aliyepoa damu yake haigandi vizuri: mfunike, pasha moto maji ya mshipani. Misoprostoli, dawa ya kukaza kizazi, kabla ya kuondoa vivimbe na katheta ya mpira iliyofungwa shingoni mwa kizazi ni vitu rahisi vinavyopunguza damu kweli, havihitaji hospitali ya kanda. Katika kutoa kizazi, jua mrija wa mkojo utokao kwenye figo unapita chini ya mshipa mkuu wa kizazi, kama sentimita 2 tu kutoka kwenye mlango wake. Ukibana kwa hofu damu inaporuka, ndio unaoubana. Kesho yake ukiambiwa mama ana maumivu ya ubavuni, usiite gesi. Mkojo ukivuja ukeni wiki ya kwanza au ya pili, ni fistula, tundu kati ya njia ya mkojo na uke, hadi ithibitike vinginevyo.

Kuna mahali ambapo hakuna muda. Msichana mwenye maumivu ya ghafla upande mmoja, anatapika, na uvimbe wa ovari unaonekana, huyo ovari imejinyonga. Ultrasaundi ikionyesha damu bado inapita kwenye ovari, isikutulize. Mpeleke usiku huohuo, inyongoeni, na hata ikiwa nyeusi msikimbilie kuikata, nyingi hufufuka. Tofauti na hapo, uvimbe wa maji mwepesi chini ya sentimita 5 kwa anayepata hedhi uache, rudia picha baada ya wiki 6 hadi 12, mara nyingi hutausikia tena.

Ukikuta ovari yenye nywele na meno ndani yake, waeleze ndugu wewe mwenyewe kabla mhudumu hajawaeleza. Ni chembe za yai zilizojitengenezea ngozi, wala jirani hana mkono humo. Nimesikia kesi za uchawi zikianzia kwenye beseni la thieta. Jipu la Bartholin, tezi iliyo mlangoni mwa uke, lipasuliwe upande wa ndani na liachiwe njia, si kukamuliwa na kufungwa. Kizazi kilichoshuka cha bibi aliyebeba viazi maisha yake yote kiulizieni, mwenyewe hatawaambia. Pete ya mpira inayowekwa ukeni kukishikilia humfaa asiyeweza au asiyetaka upasuaji.

Lililobaki ni karatasi. Kila kilichotolewa kiende maabara kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia nyama, ya asilimia 10, yenye ujazo mara 10 ya nyama, chombo kiwe na jina, si karatasi iliyobandikwa kwenye mfuniko. Andika namba ya simu ya mgonjwa na ya jirani yake, maana majibu hurudi akiwa ameshafika Ludewa. Na aliyeondolewa vivimbe, andika kwenye kadi kwa herufi kubwa kama ukuta ulipasuliwa mpaka ndani ya kizazi. Akishika mimba, atafikia zahanati ambayo hawatajua historia yake, na uchungu unaweza kupasua kovu hilo. Maneno haya yatoshe: "UKUTA ULIFUNGULIWA MPAKA NDANI. AJIFUNGUE KWA UPASUAJI ULIOPANGWA, HOSPITALI." Msomee kadi, mwambie airudie kwa maneno yake, na kama amekuja na mume, naye asome.