Mkono Unakufa Ganzi? Tutajie Vidole: Majibu kwa Wasomaji

Barua za safari hii nyingi ni za mkono, na nyingi zinaanza vilevile: "mkono wangu unakufa ganzi." Sentensi hiyo peke yake haitufikishi mbali. Tunachohitaji ni majina ya vidole, kwa sababu kila neva (mshipa wa fahamu) ina eneo lake la ngozi na misuli yake.

Neva za mkono hutoka shingoni, husukana kuelekea kwapani, kisha hugawanyika. Tatu ndizo kubwa zinazofika kiganjani. Neva ya kati hupita katikati ya kigasha (sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja) na kuhudumia gumba, shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete. Neva ya alna hupita nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, na kuchukua nusu iliyobaki ya kidole cha pete pamoja na kidole cha mwisho. Neva ya radiasi huzunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu; ndiyo inayoinua kifundo cha mkono na kunyoosha vidole, na ngozi yake iko mgongoni mwa mkono, upande wa gumba.

Jambo lingine wasomaji wengi hawalijui: ndani ya vidole hamna misuli. Shika kigasha chako kwa mkono mwingine, kisha chezesha vidole. Kinachotembea chini ya ngozi ndiyo misuli inayokunja na kunyoosha vidole, na nguvu yake hufika huko kwa kano ndefu (kamba zinazounganisha msuli na mfupa) zinazopita kwenye kifundo.

Shikamooni. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 43. Usiku mkono wa kulia unakufa ganzi na kuchoma mpaka naamka kuukung'uta. Mchana mkasi unanitoka mkononi. Dukani nilipewa vidonge vya vitamini B, nimemeza miezi miwili, hali ni ileile. Ganzi iko gumba mpaka kidole cha kati, cha mwisho ni kizima.

Marahaba, na asante kwa kutaja vidole. Umetufanyia nusu ya kazi. Maelezo yako yanafanana sana na neva ya kati kubanwa kwenye kifundo.

Upande wa kiganja, pale kifundoni, kuna handaki jembamba. Sakafu na kuta zake ni mifupa, dari lake ni utepe mgumu usionyumbuka. Ndani yake hupita kano 9: mbili kwa kila kidole kati ya vidole vinne, na moja ya gumba. Neva ya kati hujibana humo pamoja nazo. Kano zikivimba kidogo tu, au kifundo kikikaa kimepinda, neva ndiyo inayoumia kwanza. Usiku huzidi kwa sababu wengi wetu hulala tumekunja vifundo.

Jipime hivi. Kunja vifundo vyote viwili, migongo ya mikono igusane na vidole vitazame chini, ukae hivyo dakika moja. Ganzi ikija kwenye vidole vilevile, ni dalili nzuri ya tatizo hili, ingawa si uthibitisho. Kisha tazama nyama iliyo chini ya gumba, ulinganishe mkono huu na mwingine. Ikiwa imebonyea, usisubiri tiba za nyumbani, nenda hospitali; misuli ile ikishakonda kwa muda mrefu huwa hairudi yote hata baada ya upasuaji. Angalia pia katikati ya kiganja: kwa kawaida pale huwa hapafi ganzi, kwa sababu tawi linalohudumia ngozi hiyo hutengana na neva kabla ya handaki na kupita juu yake. Kama kiganja chote kimekufa ganzi, tatizo huenda liko juu zaidi.

Cha kwanza kufanya ni kuvaa gango la kifundo (kifaa cha kukishikilia kisipinde) kila usiku kwa wiki 6. Hapa ndipo wengi hukosea. Magango ya dukani mengi yana bati lililopindwa ili kuinua kifundo. Yanafaa kwa shida nyingine, lakini kwako wewe kifundo kinatakiwa kiwe kimenyooka kabisa. Litoe bati, linyooshe, lirudishe. Usikaze mikanda mpaka iache alama. Kazini, noa mkasi, maana mkasi butu hukulazimisha kukamua mara mbili, na kitambaa kizito kikate tabaka chache kwa wakati.

Omba upimwe sukari na homoni za tezi ya shingo. Kisukari, tezi kufanya kazi pungufu, baridi yabisi na ujauzito vyote huongeza hatari. Tatizo la wajawazito mara nyingi hutulia lenyewe baada ya kujifungua. Gango likishindwa kuna sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), na mwisho upasuaji mfupi wa kukata ule utepe, ambao hufanywa kwa ganzi ya mkono tu.

Vidonge hivyo acha. Vitamini B6 ina kazi yake, kwa mfano kwa anayetumia isoniazidi ya kifua kikuu, lakini handaki lililobana halipanuliwi na kidonge. Na B6 nyingi kwa muda mrefu huharibu neva zenyewe.

Naendesha bodaboda Bukoba. Kwangu ni kidole cha mwisho na nusu ya cha pete. Ganzi haitoki. Siku hizi hata kugeuza ufunguo ni shida.

Hiyo ni neva ya alna. Ndiyo ile inayokupiga shoti ukigonga kiwiko. Pale haina nyama ya kuikinga, imelala kwenye mfereji wa mfupa. Ukikunja kiwiko, inavutwa na kubanwa. Inaweza pia kubanwa kwenye kitako cha kiganja, mahali unapoegemea usukani wa pikipiki.

Kujua ni wapi kati ya hapo pawili, pima ngozi ya mgongo wa mkono, upande wa kidole cha mwisho. Tawi la ngozi hiyo hutoka kwenye neva sentimita chache kabla ya kifundo. Kama mgongo wa mkono nao una ganzi, tatizo liko juu ya kifundo, kwa kawaida kiwikoni. Kama mgongo ni mzima na ganzi iko mbele tu, shuku kiganja: badili mshiko, vaa glavu zenye sponji, pumzisha mikono kila kituo. Ikiwa ni kiwiko, funga taulo kuzunguka kiwiko usiku kisikunjike, usiegemee meza wala dirisha la gari, na simu isikae sikioni muda mrefu.

Pima nguvu kwa karatasi. Ibane kati ya gumba na ubavu wa shahada, mtu aivute. Ncha ya gumba ikijikunja ili kuing'ang'ania, msuli unaosogeza gumba umeshadhoofika na gumba linaazima msuli wa neva ya kati. Kwa shida yako ya ufunguo, tunatarajia ndivyo itakavyokuwa. Usikae nayo.

Lipo jambo jingine ambalo kwa ukanda wetu haliwezi kuachwa: ukoma. Neva ya alna ni mojawapo ya neva zinazoshambuliwa sana na ugonjwa huu, tena palepale kiwikoni. Papasa nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, mikono yote miwili. Neva iliyonenepa kama kamba, au inayouma ikiguswa, pamoja na baka la ngozi lililofifia rangi na lisilohisi mguso, ni sababu ya kwenda kituo cha afya wiki hii. Nchini Tanzania mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma upo tangu 1977, na dawa za ukoma hutolewa bure. Dozi ni miezi 6 au 12. Udhaifu wa neva uliotokea ndani ya miezi 6 una nafasi nzuri ya kurudi ukitibiwa mapema kwa prednisoloni, chini ya uangalizi. Ukipita muda huo, nafasi hupungua sana. Kwa sasa, kidole kisichohisi kilinde na sufuria ya moto na eksozi, kwa sababu kitaungua bila kukuambia.

Niko chuo cha utabibu, mwaka wa pili. Mwalimu amesema neva ya alna ikikatwa kifundoni, vidole hujikunja kama kucha za ndege kuliko ikikatwa kiwikoni. Sielewi, jeraha la juu si ndilo baya zaidi?

Ni baya zaidi, ila sura yake hupendeza zaidi. Misuli midogo ya kiganja hukunja vidole kwenye shina na wakati huohuo hunyoosha viungo vya mbele. Ikifa, kazi hizo mbili hupotea: shina hubaki limenyooshwa kupita kiasi na viungo vya mbele hujikunja. Kinachovikunja ni msuli mrefu wa ndani kabisa wa kigasha, na sehemu yake ya vidole viwili vya mwisho pia iko chini ya neva ya alna. Jeraha la kifundo linauacha msuli huo mzima, unaendelea kuvuta. Jeraha la kiwiko linauua nao, hivyo hakuna wa kuvuta. Kumbuka matokeo yake wodini: mgonjwa wa kiwiko anapoanza kupona, vidole vinaweza kujikunja zaidi kwa muda, naye atadhani anazidi kuharibika. Mwambie mapema. Shahada na kidole cha kati huponea kwa sababu misuli yao midogo ya upande wa kiganja huendeshwa na neva ya kati.

Kaka yangu alilewa akalala kwenye kiti, mkono umening'inia kwenye egemeo. Asubuhi kifundo kimeanguka, hawezi kukiinua. Nyumbani wanasema kiharusi.

Kama uso umepinda, ulimi mzito au mguu wa upande huo dhaifu, mpelekeni hospitali sasa hivi. Kama ni mkono tu, yaelekea ni neva ya radiasi iliyokandamizwa kwenye mfupa wa mkono wa juu.

Mwambieni anyooshe kiwiko. Akiweza, huku kifundo na vidole vikikataa kuinuka, na kuna kipande cha ganzi mgongoni kati ya gumba na shahada, maelezo hayo yanakamilika. Ngumi itaonekana dhaifu, ila inueni kifundo chake kwa mkono wenu kisha abane tena. Nguvu ikirudi, misuli ya kukunja ni mizima, ilikosa tu kifundo cha kuitegemea. Hata hivyo daktari amwone siku hizi za mwanzo.

Wengi hupona ndani ya wiki chache, wengine hadi miezi mitatu. Huyu ndiye anayefaa gango lililoinua kifundo, kama nyuzi 30, na vidole vinyooshwe kwa mkono mwingine mara kadhaa kwa siku visije vikakakamaa. Ikiwa nyuzi za neva zimekatika, huota takriban milimita 1 kwa siku, kwa hiyo miezi mitatu bila dalili yoyote ya kupona ni muda wa kumwona bingwa. Wanaotembelea magongo ya kwapani nao hupata hali hii, na wao hata kiwiko hukataa kunyooka. Gongo liishie sentimita 5 chini ya kwapa, uzito ubebwe na viganja.

Mwanangu wa miaka 6 alianguka mwembeni, akavunjika juu ya kiwiko. Kafungwa POP jana. Leo analia, vidole vimevimba, dawa haimsaidii. Nisubiri kliniki ya Jumatatu?

Tumekujibu kwa simu siku hiyohiyo. Tunaichapisha kwa ajili ya wengine. Usisubiri hata saa moja.

Misuli ya kigasha imefungwa ndani ya mifuko isiyotanuka. Damu na uvimbe vikijaa humo, na nje kuna plasta ngumu (POP) iliyokaza, damu mpya haiingii. Misuli huanza kufa ndani ya saa chache, na ikipita saa 6 hasara huwa kubwa. Dalili ya mapema ni maumivu yasiyolingana na jeraha, yanayozidi sana ukinyoosha vidole vyake taratibu. Ganzi, weupe na mapigo kupotea huja baadaye, kwa hiyo usijipe moyo kwa sababu vidole bado vina joto. POP ipasuliwe urefu wote pamoja na pamba na bandeji mpaka ngozi ionekane, na mkono ukae usawa wa moyo, usiinuliwe juu. Maumivu yasipotulia, ni chumba cha upasuaji.

Mabanzi ya waunga mifupa wa kienyeji yakikazwa huleta madhara yaleyale. Misuli iliyokufa hugeuka kovu na kuvuta vidole ndani maisha yote. Daktari Mjerumani Richard von Volkmann aliieleza hali hii mwaka 1881, na bado tunaiona.

Kiwiko kinaniuma upande wa nje, hasa nikikamua nguo. Nimeambiwa ni ugonjwa wa wacheza tenisi! Sijawahi kushika raketi.

Wengi wenye ugonjwa huu hawajawahi. Kano inayoinua kifundo imechoka pale inaposhikia mfupa. Weka kigasha mezani, kiganja kikitazama chini, ushike chupa ya maji ya nusu lita. Iinue kwa msaada wa mkono mwingine, kisha ishushe peke yake kwa kuhesabu hadi nne. Mara 15, mizunguko mitatu kila siku, kwa miezi mitatu. Maumivu kidogo yanaruhusiwa. Sindano ya steroidi hutuliza haraka, lakini baada ya mwaka waliochomwa huwa na hali mbaya kuliko wasiochomwa, sisi hatuipendekezi. Nguo nzito zitundike zikichuruzika.

Rafiki yangu akikunja kifundo anatokeza kano katikati, mimi sina. Nina kasoro?

Huna. Gusanisha gumba na kidole cha mwisho, kunja kifundo. Inayotokeza ni kano ya msuli mwembamba ambao watu wengi wanao na wengine huzaliwa bila. Nguvu ya mkono haipungui kwa kiasi cha kuonekana. Madaktari wa upasuaji huikata kwa makusudi wakihitaji kiraka cha kano nyingine, na mwenyewe haikosi.