Mac ya mtumba, bando na ng' ya Kiswahili: programu ninazozitumia kila siku

Mkuu, umesema shemeji yako kakuletea MacBook Air ya M1, umetoka Windows, na unataka orodha ya programu za kusakinisha leo leo. Umeuliza pia sisi tunaozishabikia hizi mashine siku yetu inakwendaje. Orodha nitakupa, ila leo usisakinishe kitu. Kaa nayo wiki mbili hivyo hivyo ilivyo. Mimi nilipopata ya kwanza nilijaza programu kama arobaini ndani ya siku tatu, na nyingi sikumbuki hata zilikuwa za kazi gani.

Nijieleze kidogo ujue ushauri unatoka wapi. Ni mhariri na mfasiri, ofisi yangu ni meza ya kulia chakula, Tabata, na sehemu kubwa ya kazi ni Kiswahili: vitabu vya kiada, ripoti za mashirika, vipeperushi vya afya. Sichezi gemu wala sihariri video. Mac yangu ya kwanza ilikuwa MacBook Pro ya 2012, mtumba, nzito kama tofali, ina hadi mlango wa CD. Fundi alinitolea diski ya kuzunguka akaweka SSD, na RAM tukaipandisha mpaka GB 16 japo Apple wenyewe waliandika mwisho ni 8. Masasisho yake rasmi yaliishia Catalina, toleo la macOS la 2019, lakini kwa OpenCore Legacy Patcher, programu ya kuipa Mac kuukuu matoleo ambayo Apple hawaipi tena, nimeisogeza hadi Monterey na binti yangu anaifanyia kazi za shule mpaka leo. Yako huwezi kuichezea hivyo. RAM imekaa pamoja na chipu na hifadhi imechomelewa ubaoni, kwa hiyo ulicholetewa ndicho utakachokuwa nacho.

Kabla hujaipenda, ifute. Nasema kwa uchungu. Mwaka 2021 nilinunua Air dukani, sitataja wapi, nikaitumia wiki tano vizuri tu. Siku nilipoifuta ili nianze upya na kuiunganisha na intaneti, ikaniandikia Remote Management na jina la kampuni ambayo sijawahi kuisikia. Maana yake mashine ilikuwa bado imesajiliwa kama mali ya ofisi ya watu, na kuifuta hakusaidii, kwa sababu usajili haupo ndani ya mashine, upo kwenye seva. Simu ya muuzaji kuanzia hapo haikupatikana. Kwa hiyo ingia System Settings, General, halafu Transfer or Reset, uifute yote. Ikiwaka upya ikakubali kuanza bila kudai akaunti ya mtu mwingine wala kutaja kampuni, hapo ni yako. Ikikataa, mpigie shemeji mapema kabla hajasahau aliinunua wapi.

Haya, siku yangu. Naamka saa kumi na moja na nusu, maana asubuhi nyumba imetulia na mara nyingi umeme upo. Ukikatika, sishtuki tena kama zamani. Ile M1 ilipotoka Novemba 2020 Apple walitangaza saa 18 za kutazama video. Yangu sasa imechoka kidogo, coconutBattery inaniambia betri imebaki asilimia 83 ya uwezo wake wa awali, ila bado napiga kazi ya kuandika tangu asubuhi hadi alasiri. Haina feni, haipigi kelele, haichemshi mapaja. Chaja yake ni ya wati 30 tu, kwa hiyo hata pawabenki ya USB-C yenye nguvu kidogo inaichaji. Siku za mgao hilo peke yake lilinilipia gharama ya kuinunua.

Tatizo la mgao kwangu ni intaneti. Umeme ukienda, ruta inazimika, nahamia hotspoti ya simu, na hapo ndipo Mac inapokula bando kama mchwa. Yenyewe inaona ni Wi-Fi kama Wi-Fi nyingine: inapakua masasisho, inapandisha picha iCloud, inasawazisha kila kitu. Usiku mmoja niliunga GB 5 ili nitume sura mbili za kitabu. Nilikwenda jikoni kuchemsha chai, niliporudi bando limekwisha na sura hazijaenda. Toleo zima jipya la macOS peke yake linazidi GB 10, sasa piga hesabu. Dawa yake ni TripMode. Unaiwekea alama hotspoti yako, halafu unachagua ni programu zipi zenye ruhusa ya kwenda mtandaoni ukiwa pale. Mimi nimeruhusu barua pepe na kivinjari tu, zingine zote zisubiri. Ni ya kulipia, na ndiyo programu pekee nitakayokushauri uinunue kabla ya kumaliza mwezi. Huna hela? Nenda kwenye mipangilio ya ule mtandao wa Wi-Fi uwashe Low Data Mode, na uzime masasisho ya kujipakua yenyewe. Inasaidia, ingawa haibani kama TripMode.

Wiki mbili nilizokuambia ni za kujifunza vilivyomo tayari. Chagua faili, bonyeza kitufe cha nafasi: linafunguka uone ndani bila kuanzisha programu yoyote. Jambo hili lilikuja na Leopard, toleo la mfumo wa Mac la mwaka 2007, na hadi leo nikikalia Windows kidole kinakwenda chenyewe. Command na nafasi pamoja inaita Spotlight, andika herufi mbili za jina la unachotaka, bonyeza Enter. Preview, programu ya ndani ya kufungulia PDF na picha, ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Mteja ananitumia mkataba saa tisa anautaka saa kumi umesainiwa: naufungua humo, sahihi yangu niliiweka mara moja kwa kuipiga picha kwenye karatasi nyeupe, naibandika, natuma. PDF tatu nataka ziwe moja? Navuta vijipicha vya kurasa kutoka dirisha hili kwenda lile. Najua watu wanaolipia programu kila mwezi kwa kazi hizi mbili.

Sasa Kiswahili, jambo ambalo hakuna aliyenieleza, nimelijua kwa kuumia.

Ukitoa Mac kwenye boksi inadhani unaandika Kiingereza. Kila neno linapigiwa mstari mwekundu, na mengine inayageuza yenyewe kimya kimya. Nimewahi kumwandikia mkurugenzi wa shirika "Asante Santa", tena mwezi wa saba. Kwenye Keyboard, sehemu ya Input Sources, zima kusahihisha maneno kiotomatiki. Ukiwa hapo hapo zima na smart quotes, yaani kukunja alama za nukuu kiotomatiki, na hii ndiyo kubwa zaidi. Ile alama ya ng' kwenye ng'ombe, ng'oa, ng'ambo, mashine inaweza kuikunja ikawa ’ badala ya '. Kwa jicho ni kitu kile kile, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Nilipokea kitabu cha sayansi kilichoandikwa na watu wanne. Mmoja katumia alama iliyonyooka, wawili iliyokunjwa, na mmoja alikuwa anatumia ile alama ya pembeni ya namba moja. Nikitafuta "ng'ombe" napata kumi na mbili, na kwenye kitabu wako zaidi ya hamsini. Faharasa ilitoka vituko.

Hapo ndipo nilipoipenda BBEdit. Ni programu ya kuandikia maandishi matupu, imekuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na watengenezaji wake wanajisifu kwa maneno machache tu: haiboi. Hiyo ni tafsiri yangu ya kistaarabu. Unaijaribu ikiwa kamili siku 30, kisha inabaki bure na mambo ya msingi yote. Naiambia itafute ng ikifuatiwa na alama yoyote kati ya zile tatu, kwenye mafaili yote ya folda kwa mkupuo mmoja, iweke ile iliyonyooka. Sekunde chache. Nahariri kazi nzima na alama iliyonyooka, na siku ya kupeleka kwa mpangaji kurasa ndipo nazikunja zote kwa pamoja, kwa sababu kitabuni iliyokunjwa ndiyo inapendeza. Ukigeuza utaratibu huu utalia.

Mistari myekundu nayo ina tiba. LibreOffice wana kamusi ya Kiswahili ya kusahihishia, ina mafaili mawili, sw_TZ.aff na sw_TZ.dic. Fungua Finder, shika Option, bofya menyu ya Go, utaona Library ambayo kawaida imefichwa. Ndani yake kuna folda ya Spelling. Tupia yale mafaili humo, toka kwenye akaunti urudi, halafu ichague Kiswahili kwenye orodha ya lugha za kusahihishia. Usitegemee miujiza. Vitenzi vyetu vinanyambulika mno, hakuna orodha ya maneno itakayomaliza "tutakapokuwa tumewasilishiana". Kila ninapokutana na neno sahihi lililopigiwa mstari naifundisha, na maneno yote niliyoifundisha yanakaa kwenye faili moja linaloitwa LocalDictionary. Ni maandishi matupu, unaweza kulifungua na kulisoma. Langu lina miaka, nimelihamisha kwenye mashine tatu, na ndilo faili la kwanza nitakalotafuta nyumba ikiungua. Watoto watakuwa wameshatoka, msinielewe vibaya.

Kwenye Text Replacements nimeweka vifupisho: nikiandika west na nukta mkato inajaza Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, nikiandika tet na nukta mkato inaleta Taasisi ya Elimu Tanzania. Weka nukta mkato kwenye vifupisho vyako, vinginevyo vitalipuka siku unayoandika neno halisi linalofanana navyo.

Zilizobaki nazipitia haraka. Maccy inakumbuka kila ulichonakili, si cha mwisho tu, na kwa mfasiri ni mkono wa tatu. Matoleo mapya ya macOS kuanzia Tahoe ya 2025 yana kitu kama hicho ndani ya Spotlight, lakini nimeshazoea. Rectangle ya kupanga madirisha mawili ubavu kwa ubavu, chanzo kushoto, tafsiri kulia. Kama yako iko toleo la Sequoia kuendelea, jaribu kwanza ile ya ndani, huenda isihitajike. Keka ya kufungua mafaili yaliyobanwa. IINA kwa video, au VLC kama umeshaizoea, hakuna ugomvi. OmegaT kwa kumbukumbu ya tafsiri, yaani inakurudishia sentensi ulizowahi kuzitafsiri, sura yake mbaya, kazi yake safi, na bure. NetNewsWire ya kusomea tovuti za habari na blogu: Brent Simmons aliianzisha 2002, ikauzwa, ikapita mikono ya watu, 2018 akarudishiwa, na sasa inatolewa bure kabisa. Asubuhi inaniletea maandishi ya tovuti thelathini kwa data ambayo ukurasa mmoja wenye matangazo ungeimaliza.

Simu yangu ni Android, kwa hiyo AirDrop, njia ya Apple ya kurushiana mafaili, siijui. Natumia LocalSend. Simu na Mac zikiwa kwenye Wi-Fi moja, hata kama haina intaneti, picha na mafaili yanapita bila waya na bila kugusa bando.

Na zile programu za kusafisha Mac zinazokurukia kwenye matangazo, zikisema mashine yako ina takataka GB kadhaa? Achana nazo zote. Ukitaka kufuta programu na mabaki yake, AppCleaner inatosha, ndogo na bure. Hela hiyo nunua diski ya nje, uichomeke, uwashe Time Machine, ya ndani ya kutunza nakala za mafaili yako.

Kuna mahali itakushinda, ujiandae. Microsoft Access na Publisher hazijatengenezwa kwa Mac. Ukiletewa kadi ya harusi ya Publisher, LibreOffice Draw hufungua, lakini mpangilio unaweza kukuhama. Kama kazi yako ni uhasibu wa Tally, baki na Windows yako, usijitese kwa ajili ya tufaha. Diski za NTFS, fomati ya Windows, Mac inazisoma bila kuziandika. Fleshi zako zifomati kuwa exFAT, zitaingia kote.

Hata hivyo fleshi bado itakutia aibu steshenari. Mac huacha vijifaili vya pembeni vinavyoanza na nukta na mstari wa chini, kila hati inakuwa na pacha wake mdogo. Kwa kawaida Windows huvificha, lakini vijana wa steshenari wamewasha kuona vilivyofichwa ili wawinde virusi. Wa hapa kwetu alichungulia yangu mara ya kwanza, akaichomoa fasta akanirudishia mkononi: "Braza, hii ina mdudu, usiniulie mashine." Nyuma yangu foleni ya wanafunzi, wote wananiangalia. Siku hizi nikitaka kuprinti nafungua Terminal, dirisha la kuandikia amri, naandika dot_clean -m na kuivutia ile fleshi mbele yake, nabonyeza Enter, naitoa bila kuifungua tena, ndipo natafuta ndala.