Usilete mfumo mpya kazini kabla hujajua nani anaruhusiwa kuzima mashine

Ukipandishwa cheo ukawa msimamizi, hutakaa muda mrefu kabla hujapelekwa semina. Utarudi na faili na maneno mapya: kaizeni (kuboresha kazi kidogokidogo kila siku), malengo ya robo mwaka, vipimo vya utendaji. Sina ugomvi na semina, chai na sambusa zake nimezila sana. Ila kusimamia zamu kwenye kinu cha unga hapa Dar es Salaam kumenizoesha kuuliza swali moja kabla ya kuukumbatia mfumo wowote: hapa, nani anaruhusiwa kufikiri?

Frederick Taylor, mhandisi wa Marekani, alilijibu waziwazi mwaka 1911. Alitaka kazi ya kupanga itoke mikononi mwa mfanyakazi iende ofisini, na mfanyakazi abaki kutekeleza huku amesimamiwa na mtu mwenye saa, akipima muda wa kila hatua. Anasimulia kwamba kwenye kiwanda cha chuma cha Bethlehem, Pennsylvania, mtu aliyekuwa akipakia tani 12 na nusu kwa siku alifikishwa tani 47, ujira wake ukapanda kutoka dola 1.15 hadi 1.85. Wanahistoria wameitilia shaka hadithi hiyo, lakini hata tukiichukua alivyoisimulia mwenyewe, piga hesabu: kazi iliongezeka karibu mara nne, ujira haukufika hata mara mbili. Mwaka huohuo mafundi wa karakana ya silaha ya Watertown, Massachusetts, waligoma kwa sababu ya kupimwa hivyo kwa saa.

Wakafuata watafiti wa kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, kati ya 1924 na 1932, wakatukumbusha kuwa mfanyakazi naye ni mtu. Vizuri. Lakini ofisi nyingi ziliishia kwenye keki za siku ya kuzaliwa.

Waliobadilisha jibu lenyewe, kwa maoni yangu, ni Toyota. Wazo lilianzia kwenye mashine za kufuma za Sakichi Toyoda, ambazo uzi ukikatika zilisimama zenyewe. Kwenye magari likawa kamba: mfanyakazi akiona kasoro anavuta, msimamizi wake anakuja, na tatizo lisipotatuliwa mapema mstari mzima wa kuunganisha magari unasimama. Mwaka 1984 Toyota na General Motors walifungua pamoja kiwanda cha Fremont, California, ambacho General Motors walikuwa wamekifunga mwaka 1982 baada ya miaka ya utoro na migogoro. Wafanyakazi wengi walikuwa walewale, na chama chao kilekile. Muda si mrefu wakawa wanatoa magari ya ubora uliokaribia ule wa Japani.

Nasi tuna historia yetu. Mwongozo wa TANU wa 1971 uliwakataza viongozi ujeuri na dharau kwa wanaowaongoza, na wafanyakazi wa viwandani waliushika kwelikweli, wengine wakagoma dhidi ya mameneja wao. Unyapara haukuanza kuchukiwa leo.

Sasa nije kinuni. Mama anayeshona midomo ya mifuko ya kilo 25 hugusa kila mfuko unaopita. Siku moja aliniita: "Kaka, hii mifuko myepesi." Mizani ilisema kilo 25 kamili. Utaratibu ulitaka meneja aruhusu kwa simu ndipo mashine izimwe, na meneja alikuwa mjini kwenye kikao. Mifuko ikaendelea kutoka, mingine ikarudishwa na wauzaji wa jumla. Fundi alipofungua alikuta unga umegandia chini ya sahani ya mizani, na mizani ilikuwa inauhesabu unga ule kama sehemu ya kila mfuko. Wakala wa Vipimo wangetukuta hivyo, tungeongea lugha nyingine.

Baada ya hapo yule mama na wenzake waliruhusiwa kubonyeza kitufe chekundu bila kumpigia mtu simu. Hapo ndipo ushauri wangu ulipo, kwa sababu kutoa ruhusa ni rahisi. Angalia dakika tano zinazofuata mashine ikizimwa. Mkubwa akiingia anauliza "Nani kazima?", ruhusa imekufa siku hiyo, hata kama imebandikwa ukutani. Mzoeshe kuuliza "Imefanyaje?" Na aliyezima ashukuriwe mbele ya zamu nzima, hata siku ambayo hapakuwa na tatizo.

Halafu tazama posho. Kama inalipwa kwa idadi ya mifuko iliyotoka, hakuna atakayezima mashine inayomlisha, na usimlaumu. Sisi tuliihamishia kwenye mifuko ambayo haikurudishwa na wateja. Mhasibu alilalamika, maana hesabu ya posho sasa inabidi isubiri wiki kadhaa hadi wauzaji wa jumla watoe majibu. Bado analalamika.