Furaha si meno, mwanangu

Mwanangu, meseji yako nimeisoma mara tatu. Unauliza utatoa wapi furaha sasa kazi imeisha na landilodi anabisha kila asubuhi hapo Nakuru, na kama uendelee na hilo kanisa wanakuambia ukiwa na huzuni ni imani imepungua. Ya landilodi sina jibu. Lakini hiyo ya kanisa imenirudisha 2020.

Si unakumbuka vile mto Nyando ulikuja usiku, hapa Kano hakukuwa hata na wingu, mvua ilikuwa imenyesha huko juu Nandi, tukaamka maji yako kwa magoti. Mpunga wote ukaenda na ndio ilikuwa fizi yako. Tukalala darasani pale praimari, shule zimefungwa juu ya Korona, makanisa pia. Halafu mtumishi mmoja akapita na maski yake akaniambia, dada tabasamu, uso wa huzuni unamwaibisha Mungu. Mpaka leo nikikumbuka kifua kinafunga. Pengine alitaka tu kunitia moyo, watu walikuwa wanalia kila kona na yeye pia amechoka. Lakini hapana. Kama hujui cha kusema, beba mtungi wa maji.

Usiku huo nyanyako akaanza kuomba kwa sauti, na hakuanza na sifa, alihesabu. Mungu, kuku tisa. Mbuzi ya watoto. Choo tulichimba Disemba. Ile sufuria kubwa ya harusi yangu. Kila kitu na jina lake, halafu kimya, nikadhani amelala, mara akaimba na ile sauti yake imepasuka, watu wa darasa la jirani wakaitikia, mimi naimba huku nalia. Sijawahi kuonja furaha kama ile na hakuna mtu alikuwa anacheka. Furaha si meno, nimekuambia tangu ukiwa mdogo.

Hata Habakuki alihesabu kwanza, mtini, mizabibu, shamba, zizi halina ng'ombe, ndio akasema atamfurahia Bwana. Na Paulo akiwaambia Wafilipi wafurahi alikuwa kifungoni, na barua ni hiyo hiyo anataja huzuni juu ya huzuni na machozi yake. Hakuficha.

Ingawa baba yako alipotuacha nilihesabu pia, mwezi mzima, na wimbo haukuja. Kwa hivyo siwezi kusema ni dawa. Labda ni kwa sababu nilihesabia chumbani peke yangu, sitaki hata nyanyako asikie.

Kuhusu kanisa wewe ni mtu mzima, niliapa sitaingilia. Ningekuwa mimi, Jumapili ile ile ningekuwa... wacha, nanyamaza, ingawa mdomo unaniwasha. Furaha si meno, hilo tu.

Niandikie hesabu yako yote leo, hata ile kochi uliuza. Nitamsomea nyanyako usiku kabla tuombe, ananiuliza tangu jana kama umejibu.