Kabla hujachangia utafiti wa kansa ya watoto, uliza waliopotea wako wapi

Ijumaa moja mwaka 2017 niliona taya la mwanangu limevimba upande wa kushoto. Ana miaka sita, meno ya utotoni yanang'oka, nani angewaza kingine? Zahanati wakasema ni jino, wakatupa vidonge, tukarudi nyumbani Ngamiani, Tanga. Jumatatu meno ya upande ule yalikuwa yanacheza yote, na jicho limeanza kusukumwa juu. Tukaenda hospitali ya Bombo, tukaandikiwa rufaa ya Muhimbili, Dar es Salaam.

Walichukua kinyama wakapima. Kansa, aina ya Burkitt. Jina ni la daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, aliyeueleza uvimbe huu mwaka 1958 akiwa Kampala. Unawashika zaidi watoto wa sehemu zenye malaria nyingi, na sisi wa pwani tumo. Unakua haraka mno, siku mbili tu unaweza kuwa maradufu, ila dawa nazo huuyeyusha upesi.

Nilimshika mwenyewe, magoti kifuani, daktari akimwingizia dawa ya njano kwenye uti wa mgongo. Nyingine ya mshipani, vinkristini, inatokana na yale maua ya pinki yanayojiotea mchangani kando ya makaburi yetu, asili yake Bukini, yaani Madagaska. Sista aliisukuma polepole, macho hayabanduki kwenye mkono wa mtoto, maana ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Siku ya nne taya lilikuwa limenywea na mtoto anaomba chapati.

Wenzangu wengi siku hizi huniuliza: tunataka kuchangia utafiti ili watoto wapate dawa bora, tutoe wapi? Jibu langu limetokana na kosa nililokaribia kulifanya.

Baada ya dozi ya tatu taya lilirudi kama zamani. Nauli ilikuwa imekwisha, biashara yangu ya samaki imelala, na ukweni wakasema mtoto kapona, mnamtesea nini? Nikakaa nyumbani. Siku ya tarehe ikapita. Kesho yake simu ikaita, ni sista wa wodini. Hakunigombeza. Akasema, "Mama, uvimbe ukirudi sasa, dawa hizihizi zinaweza zisiusikie tena. Na asiporudi, sisi hatujui tumhesabu wapi, amepona au amekufa." Jioni ile nauli ikaingia kwenye simu yangu. Alfajiri tulikuwa stendi ya Kange.

Maneno yale "tumhesabu wapi" ndiyo yaliyonifumbua macho. Katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 kati ya 100 wenye kansa hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Nilidhani tunachokosa ni dawa mpya tu. Daktari akanieleza kwamba Ulaya Burkitt hutibiwa kwa dozi kali sana zinazofagia chembe nyeupe za damu, na kule kuna damu ya kutosha, vyumba vya kumtenga mtoto na antibiotiki za nguvu. Dozi hizo ukizileta zilivyo pasipo na vitu hivyo, mtoto anaweza kuuawa na dawa badala ya ugonjwa. Kiasi kinachowafaa watoto wetu lazima kitafutwe kwa watoto wetu. Lakini utajuaje dozi ipi ni bora ikiwa nusu ya safari mama kaishiwa nauli na mtoto kapotea kwenye daftari?

Kwa hiyo ukitaka kuchangia, ulizia kwanza: watoto walioanza dawa mwaka juzi, mnajua wako wapi leo? Wodi inayoweza kukujibu, hata kama jibu lenyewe linaumiza, hiyo ndiyo ya kupewa fedha. Pale vocha ya simu, nauli na mshahara wa anayetunza daftari ni utafiti kamili, usikubali mtu akwambie hizo ni sadaka ndogo ndogo.

Kikoba chetu kilianza vibaya. Mwezi wa tisa tulipeleka juisi na midoli, tukapiga picha. Watoto walifurahi na sijutii furaha yao, ila mwaka uliofuata tuliuliza wanachohitaji. Sasa kila mmoja hutoa elfu moja kwa wiki ya nauli, na kila miezi mitatu tunaambiwa wangapi walitakiwa kurudi na wangapi walirudi. Majina hatuulizi.

Na wewe mzazi, ukiombwa ridhaa kinyama cha mwanao kihifadhiwe kwa utafiti, soma fomu, au usomewe mpaka uelewe. Uliza kitatumika kwa nini. Una haki ya kukataa na matibabu yakaendelea. Mimi nilikubali, kwa sababu na mwanangu alitibiwa kwa yale waliyojifunza kwa watoto wa watu wengine.

Juzi tumetuma nauli ya mama mmoja wa Pangani. Mwanawe anakwenda dozi ya nne.